Lenana si Mama Ngina: Mtoto wa Pwani, soma hii kabla hujapanda Mlima Kenya

Bila shaka tangazo limeshakufikia. Limetumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa lenu la zamani, ama cha timu, ama cha wale wasee mnaokutana Mama Ngina kila Jumapili jioni. Picha ya mawe na theluji, jua linachomoza, watu wameinua bendera, na maneno makubwa juu yake: Lenana, siku tatu mlimani, nafasi zimebaki chache. Ijumaa usiku mnapanda basi, Jumanne asubuhi mko nyumbani mwala mahamri na mbaazi.

Sitakwambia usiende. Nenda. Watoto wa kisiwani tumeambiwa muda mrefu kwamba mlima ni wa watu wa bara na wazungu, sisi yetu ni bahari na baraza. Hayo yamepitwa na wakati. Lakini kabla hujatuma pesa kwa huyo jamaa wa tangazo, nipe dakika kumi. Mimi si profesa. Chuo niliachia mwaka wa pili karo ilipokata. Kusoma sijaacha, na mlima nimeufika. Ninayokueleza ni yale ambayo tangazo halisemi.

Mlima huu si mgeni kwetu

Tuanze na hili, maana wengi hawalijui. Habari za Mlima Kenya zilifika Ulaya kupitia hapa hapa kwetu. Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 na baadaye akaweka kituo Rabai. Mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani, Kivoi, alikuwa akileta misafara yake hadi pwani, na ni kwa msaada wake Krapf akaingia bara. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona mlima wenye kilele cheupe. Alipoandika habari hiyo, wasomi wa Ulaya wakamcheka. Theluji kwenye ikweta? Ikachukua miaka mingi kuaminiwa.

Mwaka 1899 akaja Mwingereza Halford Mackinder. Alishuka Mombasa, akapanda reli mpya hadi Nairobi, kisha akatembea na msafara mrefu hadi mlimani. Septemba mwaka huo alifika Batian, kilele cha juu kabisa, mita 5,199, pamoja na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Majina ya hao watatu yamo vitabuni. Waswahili waliobeba mahema, chakula na vyombo vyake hawatajwi sana, na wengine wao hawakurudi. Kwa hivyo mtu akikwambia mlima si wa watu wa pwani, mwambie wazee wetu walishatembea huko na mizigo kichwani.

Halafu kuna Kisoi Munyao, Mkenya aliyepeleka bendera yetu juu ya Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963. Na kuna James Kagambi, mtoto wa maeneo ya Mlima Kenya, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 2022. Umri wake siku hiyo? Miaka 62. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miongo kadhaa milimani akifundisha wengine namna ya kutembea huko bila kuumia. Hilo la kufundisha ndilo nataka ulishike, maana picha ya Everest ni siku moja tu katika miaka yote hiyo.

Hesabu ya hewa

Sasa tuje kwenye tangazo lako. Chukua kalamu.

Ijumaa jioni uko Mji wa Kale, mita chache tu juu ya bahari. Jumamosi usiku unalala Old Moses, kambi ya kwanza njia ya Sirimon, mita 3,300. Jumapili usiku unalala Shipton, mita 4,200. Jumatatu saa tisa usiku unaamshwa, unawasha tochi ya kichwani, na kabla jua halijachomoza unatakiwa uwe Lenana, mita 4,985.

Ule mwinuko ambao mwili ulitakiwa kupewa wiki nzima kuuzoea, wewe umeupa chini ya siku tatu.

Kule juu hewa ni nyepesi. Ukifika karibu mita 5,000, kila pumzi inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata hapa kisiwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Kanuni wanayoifuata wataalamu wa milima ni rahisi: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pako pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne ongeza siku ya kupumzika. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900 kwa siku moja. Umeona tatizo liko wapi?

Mtu wa Nyeri au Nanyuki anaanza akiwa tayari karibu mita 2,000. Wewe unaanzia ngazi za Leven. Ratiba inayomfaa yeye haikufai wewe, hata kama mnalipa pesa sawa.

Dawa yake si ngumu. Lala usiku mmoja Nanyuki kabla ya kuanza. Ongeza usiku wa pili Old Moses. Mchana mpande juu kidogo, kisha mrudi kulala pale pale. Siku mbili tu za ziada, na mwili wako unakuwa mwingine. Ndiyo, gharama inapanda. Vipo pia vidonge vya kupunguza hatari, lakini hivyo ni vya daktari kukuandikia, si vya kuokota kwa rafiki.

Mlima ukikukataa, utaujuaje?

Ugonjwa wa mwinuko huanza kama uchovu wa kawaida. Kichwa chauma, tumbo lachafuka, hutaki chakula, usingizi hauji. Hapo sheria ni moja: usipande zaidi. Pumzika, kunywa maji, mwambie mwongozaji. Dalili zikiisha, endelea. Zikizidi, shuka.

Kisha kuna hatua mbili za hatari ambazo lazima uzijue kama unavyojua jina lako. Ya kwanza, maji hujaa mapafuni. Mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine anatoa povu lenye damu. Ya pili, ubongo huvimba. Anapepesuka kama mlevi, anaongea mambo yasiyoeleweka, anataka tu kulala. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Ni kushuka, usiku huo huo, na asishuke peke yake.

Nilipopanda mimi tulikuwa na rafiki yangu wa Kibokoni, kijana mwenye mapafu ya kupiga mbizi, anayeweza kuogelea siku nzima. Shipton pale, saa tisa usiku, alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Mwongozaji wetu, mzee wa Nanyuki mwenye maneno machache, akamuangalia akifunga kamba za viatu. Vidole vilikuwa vinazikosa.

"Kijana, njoo utembee hapa," akamwambia, akimulika mstari wa mawe mbele ya kibanda. "Kisigino kiguse vidole. Hatua kumi."

"Mzee, niko sawa, wallahi. Ni baridi tu."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Tembea."

Hatua ya nne akaangukia upande. Akacheka. Sisi hatukucheka. Mzee hakubishana wala hakupandisha sauti. Alimuita mmoja wa wapagazi, akampa chupa ya chai ya moto, akamwambia ampeleke chini mara moja na asimwache hata akitaka kukojoa. Rafiki yangu alitutukana wote. Alisema amelipa pesa zake, amesafiri usiku kucha, hawezi kurudi Mombasa bila picha ya Lenana.

Tulipomkuta Old Moses mchana alikuwa anakula biskuti na kuuliza nani ana chaja. Yale matusi hakuyakumbuka. Hayo ndiyo yaliyonitisha zaidi, wallahi: alikuwa anaongea vizuri, anabishana vizuri, na kichwani hayupo.

Ndiyo maana uamuzi wa kushuka hauachiwi mgonjwa. Ubongo unaotakiwa kuamua ndio ulioathirika.

Na tuambiane ukweli mwingine wa kwetu. Kuna wanaobeba muguka wakidhani utawapa nguvu za kupanda. Muguka unaondoa njaa, unafukuza usingizi, unaupiga moyo mbio. Dalili zile zile ambazo mwongozaji anazitafuta kwako, wewe umezifunika. Uache nyumbani.

Jambo la afya ambalo halisemwi sana: pwani yetu ina watu wengi wenye selimundu, au wanaobeba jeni yake bila kujua. Oksijeni ikipungua, mtu huyo anaweza kupata maumivu makali na madhara makubwa mwilini. Kama iko katika familia yenu, pima na uongee na daktari kabla ya kulipa. Vivyo hivyo kwa pumu na maradhi ya moyo.

Msaada uko mbali kuliko unavyodhani

Huku kisiwani umezoea: jambo likitokea, unapiga kelele, watu kumi wanatoka milangoni. Kule ni tofauti.

Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Ölz, walikuwa wanashuka kutoka Batian. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika na mfupa ukatoka nje. Mwenzake akamfunga jeraha, akashuka kutafuta msaada, akarudi kukaa naye. Waokoaji wa hapa Kenya, wakiwemo wanachama wa Mountain Club of Kenya, walipanda na kuhangaika siku kadhaa kwenye mawe na barafu. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka na rubani wake Mmarekani, Jim Hastings, akafa. Mwishowe babake Judmaier akaleta waokoaji wa milima kutoka Innsbruck. Majeruhi alifikishwa chini akiwa hai baada ya kama siku tisa. Wenye milima bado wanaisimulia hadithi hiyo, na ukisoma vizuri utaona: hao walikuwa madaktari, wapandaji hodari, na bado ilichukua siku tisa na roho ya mtu mwingine.

Leo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina askari wa uokoaji katika mbuga hiyo, na simu zinashika sehemu kadhaa. Lakini mawingu yakifunga, helikopta hairuki. Machela inabebwa na mabega ya watu, kilomita baada ya kilomita, usiku, kwenye matope. Ndiyo maana langoni unajiandikisha ukiingia na ukitoka. Usikwepe daftari hilo ili kuokoa shilingi. Ndilo litakalomfanya mtu aulize uko wapi.

Wala si urefu peke yake unaoua. Tarehe 22 Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kutoka Nairobi kilikuwa matembezini katika bonde la Ol Njorowa, Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mvua ilinyesha huko juu, maji yakashuka ghafla bondeni, na watu saba wakafa. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yakaua tena katika bonde hilo hilo. Hakuna aliyekuwa anapanda kilele. Walikuwa matembezini, kama ambavyo wewe ungekuwa.

Na Mei 2024 tulimpoteza Cheruiyot Kirui, Mkenya mwenzetu aliyekuwa anafanya kazi benki, karibu na kilele cha Everest alipokuwa akijaribu kupanda bila oksijeni ya ziada. Mwongozaji wake Mnepali, Nawang Sherpa, pia alifariki. Kirui hakuwa mgeni wa milima. Alijua alichokuwa anakifanya na alijitayarisha. Namtaja kwa heshima, na kwa sababu moja: kama mlima unaweza kumchukua mtu wa kiwango hicho, mimi na wewe hatuna cha kuringia.

Nahodha ni mmoja

Haya mambo sisi tunayajua, ila tunayajua kwa lugha ya bahari. Mzee wa jahazi Bandari ya Kale akikwambia leo hatutoki, kusi imekaza, humuulizi kama ana uhakika. Unakaa chini, unakunywa kahawa. Abiria hata awe amelipa mara mbili, chombo hakitoki. Na manahodha wengi, jahazi huenda mrama.

Mwongozaji wa mlima ni nahodha. Shida ni kwamba safari nyingi za vijana zina "kiongozi" ambaye kazi yake ni kukusanya pesa na kupiga picha, kisha mwongozaji wa kweli anatafutwa langoni dakika ya mwisho, hajui majina yenu, na ana watu ishirini. Muulize mwenye tangazo maswali haya, na umuulize kwenye kikundi wazi, wote wasikie:

Mwongozaji ni nani, ana leseni, na tutaongea naye kabla ya safari? Mwongozaji mmoja anaangalia watu wangapi? Mtu akiugua usiku, nani anashuka naye, na gari liko wapi? Tunalala usiku mmoja Nanyuki au tunapitiliza? Wapagazi wanalipwa kiasi gani, na wana nguo za baridi? Anayembana mpagazi wake hatakujali wewe.

Akijibu kwa utulivu, huyo ni mtu wa kusafiri naye. Akikwambia "usijali bro, tutapangia huko", weka simu mfukoni.

Baridi, na siri ya Kongowea

Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita na nusu. Ukitoka na nyuzi 28 za Mombasa hadi karibu mita 5,000, hesabu inakupeleka chini ya sifuri, na hapo hatujatia upepo wala usiku.

Adui wako mkubwa ni pamba. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa jasho au mvua hazikauki, na zinanyonya joto la mwili wako usiku kucha. Anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka huku akiongea taratibu hajazoea baridi. Mwili umeanza kushindwa. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike, mpe kitu cha moto na kitamu kama bado anaweza kumeza vizuri.

Vaa tabaka: nguo ya ndani isiyo ya pamba, sweta la sufu au manyoya, na koti la mvua juu. Dada, hata mtandio wako uwe wa kitambaa chepesi kinachokauka haraka, na ubebe wa pili mkavu chini ya boshori. Glavu mbili, soksi za ziada kwenye mfuko wa plastiki, tochi na betri za akiba.

Pa kununua? Kongowea. Majaketi mazito ya mitumba huku kwetu hayana mteja, nani atavaa koti la theluji Mombasa? Amka mapema bale linapofunguliwa, piga bei kwa adabu. Viatu tu ndivyo usifanyie ubahili, na uvivae wiki kadhaa hapa mjini kabla ya safari. Watakucheka maskani. Wacha wacheke.

Kuhusu msimu: Januari na Februari, wakati wa kaskazi, na Julai hadi Septemba ndiyo miezi mikavu zaidi. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba njia ni matope na mawingu. Tangazo la bei ya kutupa mara nyingi ni la miezi hiyo. Sasa unajua kwa nini.

Anza karibu

Si lazima mlima wako wa kwanza uwe wa pili kwa urefu Afrika. Anza Shimba Hills, tembea na askari wa mbuga hadi maporomoko ya Sheldrick na urudi, uone miguu inasemaje. Kisha nenda Kasigau, mita 1,641, ama Vuria kule Taita, mita 2,208. Voi unafika kwa treni ya SGR asubuhi. Huko utajifunza kupanga begi, kupima maji, kutembea taratibu, na muhimu zaidi, utajua nani katika kikundi chenu husaidia wenzake na nani hukimbia mbele peke yake.

Kama uko chini ya miaka 25, uliza pia kuhusu mpango wa President's Award. Umekuwepo Kenya tangu 1966, na safari za porini ni sehemu ya mafunzo yake, si pambo.

Halafu ndipo uje Lenana, na siku tano, si tatu. Ukiambiwa geuka ukiwa umebakisha mita 200, geuka. Mlima hautahamia Uganda. Utaukuta pale pale mwaka ujao, na wewe utakuwa hai kuupanda.

Kabla hujalipa, fanya kitu kimoja leo. Mwandikie mamako, ama yeyote anayekungoja nyumbani, karatasi yenye njia mtakayopita, jina na namba ya mwongozaji, na siku mtakayoshuka. Kama huna cha kuandika kwenye mojawapo ya mistari hiyo, hiyo safari bado haijawa tayari.